Foramu wanaoelea au wa sakafuni: nani akupe umri wa mwamba, nani akuambie bahari ilikuwaje

Swali lenyewe linakuja hivi: nina mashapo ya baharini, nataka kujua yana umri gani na bahari ilikuwaje wakati ule, sasa nisome foramu wanaoelea au wale wa sakafuni? Jibu ambalo kila mtu analo mdomoni ni kwamba wanaoelea ni wa umri, wa sakafuni ni wa mazingira, kwisha. Mi naona jibu hilo lina ukweli ila limekatwa mno, maana mtu akilifuata hivyo hivyo anaweza kubeba gunia la mawe ya chokaa ya kina kifupi mpaka maabara, akakaa siku kibao akimtafuta muelea hata mmoja na asimpate, wakati umri upo pale pale kwenye jiwe, tena kwa kisukuku kinachoonekana kwa macho, ila yeye hakukiangalia kwa sababu aliambiwa wa sakafuni hawatoi umri.

Kwa ambaye ndo anaanza: foraminifera, au foramu kwa kifupi, ni viumbe wa seli moja wanaojijengea gamba lenye vyumba, wengi wao kwa kalsiamu kaboneti, wengine kwa kugundisha punje za mchanga. Wengi wana ukubwa wa kati ya sehemu ya kumi ya milimita na milimita moja hivi, kwa hiyo konzi moja ya tope la bahari inaweza kuwa na maelfu yao. Wapo tangu enzi ya Kambria, zaidi ya miaka milioni 500. Na kwa uchaguzi wetu mimi sigawi makundi mawili, nagawa matatu, kwa sababu wa sakafuni wenyewe wako wa aina mbili zinazofanya kazi tofauti kabisa: wadogo, wa kutazama kwa hadubini, na wakubwa kina Nummulites ambao wengine wanafika sentimita kadhaa.

Kwenye umri

Wanaoelea wana sifa nzuri mbili, wanasambazwa na mikondo ya bahari kwa hiyo spishi moja unaikuta bahari hii na ile, na spishi zao zinabadilika haraka kijiolojia, moja inatokea, inakaa miaka milioni chache, inapotea. Hapo ndo kanda za umri zinapotoka, yaani vipande vya wakati vinavyotambulika kwa spishi zilizokuwepo. Eosini peke yake, kipindi cha kati ya miaka milioni 56 na 33.9 iliyopita, imegawanywa kanda 16, zinaandikwa E1 mpaka E16, halafu vipindi vinavyofuata, Oligosini ina zake za O, Miosini za M, na kadhalika. Orbulina, lile gamba la mviringo kabisa kama tufe, ukilikuta basi uko chini ya miaka milioni 15 na ushee, huna haja ya kubishana. Hantkenina mwenye miiba, mwisho wake ndo uliotumika kuweka rasmi mpaka wa Eosini na Oligosini pale Massignano, Italia, miaka milioni 33.9 iliyopita. Yaani mpaka mzima wa enzi umekabidhiwa kwa kiumbe wa seli moja.

Ila mfano ninaoupenda ni mwisho wa Kretasia, miaka milioni 66. Chukua sampuli mbili kutoka sehemu yenye mfululizo mzuri, El Kef kule Tunisia kwa mfano, moja chini kidogo ya mpaka na moja juu kidogo, zioshe, zimwage kwenye trei nyeusi. Ya chini inajaa magamba makubwa yaliyopambwa, Globotruncana na ndugu zake wenye ukingo mkali kuzunguka gamba, vyumba vimepangwa kwa nakshi, kila spishi na mtindo wake. Ya juu utadhani umekosea kopo. Vidogo vidogo tu, vyumba vichache, gamba laini bila pambo lolote, vingine vinapita kwenye chekeche kama umetumia lenye matundu makubwa, na kati ya hivyo vidogo kuna Parvularugoglobigerina eugubina ambaye ana kanda yake mwenyewe mwanzoni mwa Paleosini. Hakuna haja ya mashine kuona kwamba kuna kitu kibaya kilitokea katikati. Wa sakafuni wa bahari ya kina hapo hapo kwenye mpaka wanaendelea karibu kama kawaida, waliopotea ni wachache, kwa hiyo kama ungekuwa unasoma hao peke yao msiba mkubwa kiasi kile ungeuona kwa mbali tu.

Sasa mapungufu. Wanaoelea wameanza Jura na wamekuwa wa maana kwa umri kuanzia Kretasia, kwa hiyo mwenye mwamba wa Permi au Kaboni, vipindi vya kabla ya hapo, hana haja ya kuendelea kuwawaza. Huko mwenye nyumba ni fusulinidi, wakubwa wa sakafuni wenye umbo la punje ya ngano, ambao ukikata jiwe unaona ukuta wao umejikunja kunja, na kanda zao kwa kipindi kile ni nzuri kwelikweli mpaka walipoisha mwishoni mwa Permi, kama miaka milioni 252 iliyopita. Pili, wanaoelea hawapendi maji ya ufukweni na lagunani. Chokaa ya miamba ya matumbawe na majukwaa ya kina kifupi utawakosa au utapata wawili watatu wasioeleweka.

Hapo wanaingia wakubwa. Kwa Paleosini na Eosini ya eneo la bahari ya kale ya Tethys kuna kanda 20 za kina kifupi, SBZ 1 hadi SBZ 20, zimejengwa juu ya Nummulites, Alveolina na wenzao. Kusini mashariki ya Asia wana mfumo wao wa herufi tangu 1927, nao unategemea wakubwa hawa hawa. Mawe ya piramidi za Giza yamejaa Nummulites wa Eosini, na Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki, aliyapita zamani akaandika kwamba watu walisema ni mabaki ya dengu za mafundi yaliyogeuka jiwe. Tatizo la wakubwa ni kwamba hawasafiri vizuri. Wanakaa kwenye maji ya joto yenye mwanga, bahari ya kina ni ukuta kwao, kwa hiyo kila jimbo la dunia lina historia yake. Lepidocyclina alikuwa ameshatokea Amerika wakati wa Eosini lakini upande wa Tethys alifika Oligosini, sasa wewe beba jedwali la bara moja ukalitumie bara lingine uone utakavyopotea kwa mamilioni ya miaka.

Wadogo wa sakafuni je? Kwa umri wanasemwa vibaya na sababu ipo, spishi nyingi zinaishi muda mrefu sana na zinafuata mazingira, kina kikibadilika zinahama, kwa hiyo kutokea kwake kwenye mwamba wako kunaweza kumaanisha bahari imeongezeka kina na siyo kwamba wakati umefika. Lakini historia inachekesha hapa, biashara nzima ya kutumia foramu kwenye visima vya mafuta ilipata nguvu pwani ya Ghuba ya Meksiko miaka ya 1920, wanawake watatu, Esther Applin, Alva Ellisor na Hedwig Kniker, wakionyesha kwamba unaweza kuunganisha matabaka ya kisima na kisima kwa foramu, na sehemu kubwa ya kazi ile ilikuwa kwa hawa hawa wa sakafuni. Ndani ya bonde moja wanafanya kazi vizuri tu. Ukitoka nje ya bonde ndo shida.

Jambo moja la visima ambalo linabadilisha uchaguzi, na vitabu vinalipitia juu juu. Kama sampuli zako ni vipande vinavyoletwa juu na matope ya kuchimbia, siyo kiini kilichokatwa (nguzo ya mwamba inayotolewa nzima), basi vipande vya juu vinaporomoka ukutani na kuchanganyika na vya chini. Maana yake kutokea kwa mara ya kwanza kwa spishi hakuaminiki, itaonekana imeanza chini zaidi ya ukweli. Unachoamini ni mwisho wake, ambao ukishuka na kisima ndo unakutana nao kwanza. Kwa hiyo angalia mpango wa kanda unaotaka kutumia, kama mipaka yake mingi ni ya kuanza kwa spishi na wewe una vipande tu, umeshajifunga mkono mmoja kabla hujaanza. Kinyume chake ni foramu wa zamani waliomomonyolewa na kutupwa kwenye mashapo mapya, hao wanaharibu miisho. Rangi tofauti, kuchakaa, kujaa madini ndani, ndo dalili za mgeni, ila si kila mara mgeni anajionyesha.

Na foramu hakwambii miaka kwa namba, jamani. Anakwambia uko kanda gani, namba inatoka kwa watu waliofungamanisha kanda hizo na usumaku wa miamba, majivu ya volkano na mizunguko ya obiti ya dunia. Wanaoelea ndo waliofungamanishwa vizuri kuliko wote, wakubwa wanafuata kwa mbali.

Kwenye mazingira

Huku wadogo wa sakafuni wanatamba na sitaki kuwapunguzia. Wanaishi kwenye tope lenyewe, wanajua chumvi, oksijeni, chakula na kina cha pale pale. Ammonia na Elphidium wakitawala na spishi zenyewe ni chache, fikiria midomo ya mito na laguna za maji ya chumvi kidogo. Milioli, wale wenye gamba jeupe kama kauri, wakizidi, fikiria laguna ya joto yenye chumvi ya kawaida au kupita kiasi. Bolivina na Bulimina wembamba warefu wakijaa, anza kushuku oksijeni ilikuwa kidogo chini na chakula kingi kinanyesha kutoka juu. Kwenye vinamasi vya chumvi Trochammina inflata na Jadammina macrescens wanajipanga kwa mistari kufuatana na maji kujaa na kupwa, kiasi kwamba watu wanawatumia kupima usawa wa bahari wa kale kwa makosa ya sentimita makumi tu, hakuna muelea duniani atakayekupa hiyo. Na chini kabisa, huko mita 4,000 au 5,000 ambako kalsiamu kaboneti inayeyuka, wanabaki wale wa kugundisha mchanga peke yao.

Kipindi cha joto kali cha miaka milioni 56 iliyopita, mpaka wa Paleosini na Eosini, wa sakafuni wa bahari ya kina walipoteza kati ya asilimia 30 na 50 ya spishi. Wanaoelea hawakufa hivyo, walihamahama na kubadilika, Acarinina na Morozovella wa maji ya joto wakasogea kuelekea nchi za baridi. Linganisha na mpaka wa Kretasia hapo juu, ni kinyume chake. Pigo la juu linaandikwa na wa juu, pigo la chini na wa chini, ndo maana kusoma kundi moja tu kunakupa nusu ya kesi.

Wakubwa wana faida moja tamu, wanafuga mwani ndani ya mwili kwa hiyo wanahitaji mwanga. Ukiwakuta wamekaa mahali pao, maji yalikuwa na mwanga, na kadiri kina kinavyoongezeka wanakuwa bapa zaidi na wembamba ili wakusanye mwanga hafifu, kwa hiyo unene kulinganisha na upana wa gamba ni kipimo. Lakini sema "mahali pao", maana wakivunjika kingo na kupangwa upande mmoja na mawimbi wamehamishwa hao.

Wanaoelea wanasema zaidi juu ya joto la maji ya juu. Neogloboquadrina pachyderma anayejikunja kushoto akiwa ndo wengi kwenye sampuli, maji yalikuwa ya kipolari. Wengine wanaishi karibu na uso na wana mwani, Globigerinoides ruber mfano, wengine wanashuka mamia ya mita kama Globorotalia truncatulinoides, kwa hiyo ukiwachagua kwa akili unapata bahari kwa tabaka.

Halafu kuna kipimo ambacho hakihitaji uchague, uwiano wa wanaoelea na wa sakafuni. Hesabu foramu kama 300, angalia asilimia ngapi wanaelea. Chini ya 20 mara nyingi ni sehemu ya ndani ya rafu ya bara (sakafu ya kina kifupi inayozunguka bara), 40 mpaka 70 ni rafu ya nje, ukivuka 70 unaelekea mteremkoni. Ni kipimo cha haraka na kinapendwa, ila kinadanganywa kirahisi: kuyeyuka kunaanza na magamba membamba ya wanaoelea kwa hiyo kina kinaonekana kifupi kuliko kilivyokuwa, na mporomoko wa chini ya maji unaleta wa ufukweni mpaka kilindini. Ukiona Ammonia pembeni ya Bolivina wa kina, usitafute bahari ya ajabu iliyowaweka pamoja, mmoja wao ameletwa.

Kwenye kemia, ambako lile jibu fupi linapinduka

Mwaka 1955 Cesare Emiliani alitumia isotopu za oksijeni, yaani oksijeni nyepesi na nzito ambazo uwiano wake kwenye gamba hubadilika na joto la maji na pia na wingi wa barafu duniani, kwenye magamba ya wanaoelea kusoma joto la enzi za barafu. Mwaka 1967 Nicholas Shackleton akaweka wanaoelea na wa sakafuni upande kwa upande, akaona mabadiliko yao yanakaribiana mno. Maji ya kilindini yana baridi tayari, hayana nafasi ya kupoa kiasi kile, kwa hiyo sehemu kubwa ya badiliko haikuwa joto bali barafu iliyokuwa imefungia maji nchi kavu. Ugunduzi huo usingetoka kwa kundi moja.

Na tangu hapo wa sakafuni ndo wamegeuka saa. Mwaka 2005 Lorraine Lisiecki na Maureen Raymo waliunganisha rekodi 57 za oksijeni ya foramu wa sakafuni kupata mchirizo mmoja wa miaka milioni 5.3, na leo mtu mwenye kiini cha Pliosini au Pleistosini anapima wa sakafuni, mara nyingi Cibicidoides, analinganisha na mchirizo ule, anapata umri kwa usahihi ambao kanda za wanaoelea haziwezi kufika. Wakati huo huo wanaoelea wanapimwa magnesiamu na kalsiamu kutoa joto la uso wa bahari. Yaani wa sakafuni wanatoa umri na wanaoelea wanatoa mazingira, sasa lile jibu la mdomoni liko wapi?

Hali ya gamba ndo inaamua kila kitu hapa. Kwa muda mrefu foramu wa Kretasia na Eosini kutoka sakafu ya bahari ya kina walikuwa wanatoa bahari za tropiki za baridi isiyoingia akilini, mpaka Paul Pearson na wenzake mwaka 2001 walipopima magamba yaliyohifadhiwa ndani ya mfinyanzi, pamoja na ya Tanzania ukanda wa Kilwa na Lindi, yanayong'aa kama kioo, wakapata joto la angalau nyuzi 28 hadi 32. Yale mengine yalikuwa yamejaa fuwele mpya zilizoota kwenye maji baridi ya chini baada ya foramu kufa. Kwa hiyo kama magamba yako ni meupe kama chaki ukiyatazama, tumia kwa umri wa kanda bila wasiwasi, lakini fikiri mara mbili kabla hujalipia vipimo vya isotopu. Kama yanapitisha mwanga, una mali.

Kwenye kazi ya mikono

Wanaoelea na wadogo wa sakafuni wanatoka kwenye ndoo moja. Tope linalowekwa, unaliosha juu ya chekeche la maikroni 63, unakausha kwa joto dogo, unakaa na brashi nyembamba kuliko zote ukiokota mmoja mmoja. Kutambua wanaoelea kunataka umgeuze pande tatu, mgongo, tumbo na ubavu, ila spishi za kujifunza kwa kipindi kimoja ni za kuhesabika, leo hai ziko kama 50 tu. Wadogo wa sakafuni ni maelfu, na hapo ndo wengi wanakata tamaa.

Wakubwa ni kazi tofauti. Jiwe ni gumu halioshwi, unakata na kusaga mpaka wembamba wa maikroni 30, na mkato usipopita katikati ya gamba Nummulites wako anabaki kuwa Nummulites tu bila jina la pili. Mwenye mashine ya kukata na uvumilivu aende, asiye navyo asijidanganye.

Kama shida yako ni umri peke yake na mashapo ni ya bahari ya wazi, nitasema kitu ambacho watu wa foramu hatupendi kusema: nano-visukuku vya mwani wa chokaa ni vya haraka zaidi, unapaka tope kidogo kwenye kioo na unaanza kusoma siku hiyo hiyo. Foramu waje kuthibitisha.

Basi kwa mtu anayepanga mada leo ningemshauri hivi. Mfinyanzi wa bahari ya wazi, Kretasia kuja juu, anza na wanaoelea kwa umri na usiwatupe wa sakafuni waliobaki kwenye trei, hao ni sura yako ya mazingira bila kuosha tena. Chokaa ya kina kifupi, wakubwa, tena tafuta kwanza kanda za jimbo lako. Laguna, delta na vinamasi, wadogo wa sakafuni, na umri utafute kwingine, kaboni 14 kama ni chini ya miaka 50,000 hivi. Kiini cha miaka milioni chache ya mwisho, oksijeni ya wa sakafuni. Na kabla hujaandika hata kichwa cha mada, osha sampuli tatu, ya chini, ya kati na ya juu ya mfululizo wako, uone kilichobaki kwenye chekeche, maana wapo waliotetea pendekezo zuri la wanaoelea halafu mwamba ukawatolea Ammonia watupu.